Breki za Gari na Neno la Mdogo



Kuna msemo uliozoeleka sana katika vinywa vya watu wetu, nao ni huu: ajali haina kinga. Msemo huu una ukweli wake, kwani hapana binadamu awezaye kuyazuia yote. Lakini twaogopa ya kwamba mara nyingi huutumia si kwa kuridhika na hukumu ya Mwenyezi Mungu, bali kwa kuufunika uvivu wetu. Mtu huliacha gari lake likalia miezi mitatu kila akanyagapo breki, na siku lishindwapo kusimama husema, "Ajali haina kinga." Hiyo si tawakali. Tawakali huja baada ya mtu kutimiza sehemu yake, wala haiji badala yake.

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa la gereji tu, nalo ni kuzitengeneza breki za gari nyumbani, pamoja na watoto wetu. Hatulielezi kwa kujisifu. Tulijifunza kwa taabu, na katika kujifunza tulifanya kosa moja ambalo hata leo tukilikumbuka mwili hututetemeka.

Sababu iliyotuingiza katika kazi hii

Sisi twakaa Tanga mjini, na kila mwaka baada ya Idi hupanda Lushoto kuwatembelea jamaa zetu. Waijuao njia ile hawahitaji kuelezwa. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zisizopungua 30 za kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, na upande wa pili genge. Lushoto iko karibu mita 1,000 juu ya Mombo, na gari lishukalo hapo, uzito wake wote pamoja na watu waliomo wategemea vipande vichache vya breki, ambavyo kila kimoja chaweza kufunikwa na kiganja.

Mwaka mmoja, tulipokuwa tukishuka, tulisikia mlio wa chuma kusuguana na chuma. Kisha ikaja harufu ya kuungua, na kanyagio likaanza kuwa laini chini ya mguu. Watoto waliokuwa wakiimba nyuma walinyamaza wote kwa pamoja. Tulisimama mahali palipokuwa na nafasi, tukangoja muda mrefu mpaka magurudumu yakapoa, kisha tukashuka polepole kwa gia ya kwanza hadi Mombo.

Tuliporudi mjini tulilipeleka gari katika gereji moja, tukalipa fedha za pedi za magurudumu yote mawili ya mbele. Baada ya wiki chache mlio ulirudi. Mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu alipolifungua, tuliona ya kwamba gurudumu moja tu ndilo lililotiwa pedi mpya, na la pili liliachwa na zile za zamani, zimekwisha kabisa. Hatukuwa na ushahidi wa kumshitaki mtu, maana hatukuwapo kazi ilipofanywa, na lau tungalikuwapo tusingalijua la kutazama. Hapo ndipo tulipomwomba mzee yule atufundishe. Akakubali, kwa sharti moja: "Njoo na wanao. Kazi ya breki haitaki mtu mmoja."

Breki ni kitu gani?

Kabla ya kushika spana, yafaa mtu ajue kile akishikacho. Mguu wa mtu hauna nguvu ya kulisimamisha gari. Kinachofanya kazi hiyo ni mafuta yaliyofungiwa ndani ya mabomba membamba. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi baina ya mwaka 1623 na 1662, alieleza ya kwamba ukiyasukuma maji yaliyofungiwa pahali, msukumo ule huenea kila upande kwa kadiri moja. Basi, pistoni ndogo ikisukumwa na mguu upande mmoja, na upande wa pili ikawapo pistoni yenye eneo la uso mara saba, hii kubwa husukuma kwa nguvu mara saba. Msukumo huo huzibana pedi mbili juu ya sahani ya chuma izungukayo na gurudumu, ambayo twaiita diski.

Maarifa haya yalichukua muda kuingia katika magari. Magari ya kwanza yalitumia fito na nyaya. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa gari la abiria lenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne. Mwaka 1953 gari la Jaguar lililofungwa breki za diski lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le mans huko Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën wakazitia diski katika magurudumu ya mbele ya gari lao la DS. Leo karibu kila gari dogo tulionalo barabarani lina diski mbele, na mengi yangali na dramu nyuma.

Ama jambo kubwa la kufahamu ni hili: breki hazipotezi mwendo, bali huugeuza kuwa joto. Tulipiga hesabu pamoja na mwanetu mkubwa, aliyekuwa akisoma fizikia shuleni. Gari la kilo 1,200 liendalo kilomita 80 kwa saa, likisimamishwa mara moja tu, hutoa joto litoshalo kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini. Na gari hilo likishuka mita 1,000, joto lake lapata kuchemsha lita 40, yaani madebe mawili. Injini na upepo huchukua sehemu, ikiwa dereva ametia gia ndogo. Lakini akiteremka kwa gia kubwa, mguu haubanduki juu ya breki, basi sehemu kubwa ya joto lile huingia katika diski na pedi. Mama watoto aliposikia habari ya madebe mawili alisema, "Sasa naelewa kwa nini gari lilinuka."

Dalili ambazo hazifai kupuuzwa

Mtu hahitaji kuwa fundi ili kuzijua dalili. Mlio mwembamba kila ukanyagapo breki mara nyingi ni wa kibati kidogo kilichowekwa makusudi kigusane na diski pedi zikaribiapo kwisha. Mlio wa kukwaruza wamaanisha pedi zimekwisha na chuma chakula chuma. Gari likivuta upande mmoja, upande mmoja haufanyi kazi sawa na mwenzake. Kanyagio likitetemeka, huenda diski haiko sawa. Kanyagio likiwa laini kama sponji, pana upepo ndani ya mafuta; na likizama polepole chini ya mguu uliotulia, yawezekana mafuta yavuja. Dalili hizi mbili za mwisho zikitokea, gari lisiondoke pahali lilipo.

Mafuta yenyewe pia huzeeka. Yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na sisi watu wa pwani unyevu ndio tulio nao. Mafuta mapya yaandikwayo DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za sentigredi, na ya DOT 4 kabla ya nyuzi 230. Lakini yakisha kunywa maji, kipimo chaweza kushuka hadi nyuzi 140 kwa yale na 155 kwa haya. Yakichemka mlimani hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Mguu hushuka na gari halisimami. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Kazi yenyewe, na nafasi ya kila mmoja

Mzee fundi alitufundisha mara ya kwanza, akatusimamia mara ya pili. Utaratibu aliotuachia ndio huu, nao ni wa pedi za mbele.

Kwanza, gari husimamishwa juu ya ardhi ngumu iliyo sawa. Breki ya mkono huvutwa, gia huingizwa, na magurudumu ya nyuma hukingwa kwa magogo mbele na nyuma. Nati za gurudumu hulegezwa kidogo gurudumu lingali chini. Kisha gari huinuliwa kwa jeki, na chini ya bodi, mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, huwekwa stendi ya chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea. Gurudumu lililofunguliwa hulazwa chini ya ubavu wa gari, ili stendi ikiteleza pawe na kinga ya pili. Wala mtoto haingizi hata mkono chini ya gari.

Pili, vumbi. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Zamani pedi nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu, na nchi nyingi zimeipiga marufuku. Lakini kwa macho mtu hawezi kuitambua pedi iliyo nayo na isiyo nayo. Vumbi hufutwa kwa kitambaa kibichi, kitambaa hufungwa katika mfuko na kutupwa, na wadogo hukaa mbali upepo utokako.

Tatu, boliti ya chini ya kalipa, yaani kile kibano kinachozishika pedi, hufunguliwa, na kalipa huinuliwa. Ikibidi kutolewa kabisa, hufungwa kwa waya isining'inie juu ya mpira wa mafuta. Pedi za zamani hutolewa na kupimwa kwa rula: mpya huwa na unene wa milimita 10 au zaidi, na zilizobaki milimita 3 zimekwisha kazi. Diski hutazamwa kama ina nyufa au mifereji, na unene wake hulinganishwa na kipimo cha mwisho ambacho aghlabu huchongwa juu yake. Kisha pistoni hurudishwa ndani taratibu kwa kibano cha mkono, huku mtu mwingine akiyaangalia mafuta katika chupa yake chini ya boneti yasije yakafurika, maana hubabua rangi ya gari.

Nne, pedi mpya huingizwa, na upande wa pili hufanywa vivyo hivyo siku hiyo hiyo. Grisi haigusi uso wa pedi wala diski. Boliti hukazwa kwa kipimo cha kitabu, na nati za gurudumu hukazwa kwa kukingamana, si kwa kuzunguka.

Tano, na hili ndilo neno la makala haya: kabla ya gari kusogea hata shubiri moja, kanyagio hukanyagwa mara nyingi, polepole, mpaka liwe gumu. Pistoni ziliporudishwa ndani ziliacha nafasi baina yake na pedi. Mpaka nafasi ile ijazwe, gari halina breki za mbele.

Katika nyumba yetu, mwanetu mkubwa hushika spana pamoja nasi. Mama watoto huzihesabu nati na boliti katika sahani na kuyatazama mafuta. Na binti yetu, aliyekuwa na miaka 12 tulipoanza, huketi juu ya kibao na daftari, akisoma kila hatua kwa sauti na kuitia alama ikisha kufanywa.

Kosa letu

Ilikuwa mara ya tatu, na mzee fundi hakuwapo. Kazi ilikwenda vizuri kuliko tulivyotazamia. Ilikuwa karibu na adhuhuri, jua lilikuwa kali, na sisi tulikuwa na mwaliko wa harusi ya jirani. Magurudumu yakafungwa, stendi zikatolewa, magogo yakaondolewa. Tukaingia katika gari ili tulitoe kivulini.

Binti yetu akasema, "Baba, bado. Kuna mstari mmoja sijautia alama."

Tukamjibu, "Tumekwisha, mwanangu. Ondoka hapo mbele."

Akaondoka, lakini akasema tena, "Bado, baba." Nasi tukawasha injini, tukaachia breki ya mkono.

Ua wetu una mteremko mdogo uelekeao lango, na lango lilikuwa wazi. Nje ya lango ni kichochoro ambamo watoto wa mtaa hucheza. Gari likaanza kuteremka. Tukakanyaga breki, na mguu ukaenda hadi chini kabisa kana kwamba hapakuwa na kitu. Tukakanyaga tena, ukaenda tena. Katika muda huo mfupi tuliwaona kupitia langoni watoto wawili wamechuchumaa juu ya mchanga, wametupa mgongo. Mkono uliikumbuka breki ya mkono kabla akili haijakumbuka. Gari likasimama, pua yake imekwisha kupita mwimo wa lango.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Watoto wale hawakugeuka hata kutazama. Lakini tulipoteremka magoti yalikuwa hayana nguvu. Binti yetu alikuwa amesimama palepale na daftari lake kifuani, akilia bila ya sauti. Mstari alioushikilia ulikuwa huu: Kanyagio likanyagwe mpaka liwe gumu.

Hatukwenda harusini siku ile. Tuliketi barazani sote, tukamwomba binti yetu radhi mbele ya mama yake na kaka yake. Wako wazazi watakaoona ya kwamba baba kumwomba mtoto radhi ni kuishusha heshima yake. Sisi twaona kinyume cha hayo. Mtoto yule alikuwa amepewa amana, naye akaitimiza; aliyeivunja ni mkubwa. Lau tungalinyamaza, tungalikuwa tumemfundisha ya kwamba kusema kweli mbele ya mzee hakufai kitu, na funzo kama hilo hudumu katika nyumba muda mrefu kuliko pedi yoyote.

Tangu siku hiyo tuna sharti lisilovunjwa: mtu yeyote akisema "bado", hata awe mdogo kuliko wote, kazi husimama mpaka ajibiwe.

Mguu na mkono

Sharti hilo lilitufaa zaidi tulipojifunza kutoa upepo. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja kwa njia ya kawaida. Mmoja huketi kwenye usukani, wa pili huwa kwenye gurudumu, ameshika spana katika nati ndogo ya kutolea mafuta, iliyounganishwa kwa mpira mwangavu na chupa. Wa kwenye gurudumu husema, "Kanyaga." Mwenzake akisha kukanyaga hujibu, "Nimeshika." Hapo nati hufunguliwa robo mzunguko, mafuta na mapovu hutoka, na kanyagio huzama. Nati hufungwa, kisha husemwa, "Achia." Mguu ukiachia kabla nati haijafungwa, upepo hurudi ndani, na kazi yote huwa bure. Na chupa ya mafuta chini ya boneti isipoongezwa kwa wakati ikakauka, hewa huingia kutoka juu.

Wawili hawa hawaonani. Kila mmoja hutegemea neno la mwenzake tu. Asemaye "nimeshika" na hali hajashika ameiharibu kazi ya wote, na pengine asionekane mpaka siku ya mlima. Tumeona ya kwamba mwanetu, aliyekuwa na tabia ya kusema "ndiyo" ili aachwe, amejifunza hapo kusema "ngoja" bila ya haya.

Mipaka

Isidhaniwe ya kwamba twawaambia watu wawaache mafundi. Fundi mwema ni neema katika mtaa. Bomba lililooza, mpira uliopasuka, masta silinda ivujayo, dramu za nyuma na springi zake, na magari mapya yenye breki ya mkono ya umeme au yahitajiyo kompyuta ili kutoa upepo, haya yote sisi huyapeleka kwake. Na asiyepata wa kumsimamia mara ya kwanza asianze peke yake. Pedi nazo zinunuliwe katika duka liaminikalo, wala mtu asivutwe na bei. Na mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika breki, kwani huilainisha na kuivimbisha mipira yake yote.

Lakini hata asiyeshika spana maisha yake yote, akijua kazi jinsi iendavyo, ataweza kusimama karibu na fundi na kuuliza kwa adabu, "Upande wa pili nao umebadilishwa? Naomba kuziona pedi za zamani." Kuuliza si kumtuhumu mtu. Fundi mwaminifu hufurahi kuona kazi yake yatazamwa.

Mwaka jana tulishuka tena kutoka Lushoto. Tulitia gia ya pili tangu juu, tukaiacha injini ilishike gari, na breki tukazigusa kwa vipindi, tukiziacha zipumue. Kabla hatujaondoka, binti yetu, ambaye sasa amekuwa msichana mkubwa, alifungua boneti akayatazama mafuta, kisha akakanyaga kanyagio mara tatu kwa mguu wake mwenyewe. Sisi tulikuwa tumekwisha kuketi, tuna haraka ya kuwahi magharibi. Tukamngoja mpaka alipofunga boneti na kusema, "Haya, baba, tayari."

Basi, ndugu wasomaji, kila nyumba iwe na mtu wake wa kusema "bado", na asemapo asikizwe.